Kidari Kikivunjika, Kinachotibiwa ni Pumzi

Mama alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda nyuma ya pazia, anavuta kanga kwa mikono miwili. Mumewe amekaa ukingoni, mikono ameiinua nusu, meno ameyauma. Kanga ilishazunguka kifua mara mbili, sasa linatafutwa fundo.

"Toa pumzi yote, nikaze," akamwambia.

Nikapiga hodi kwenye pazia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Subiri kidogo nimfunge baba yako, maana nyie mnatutoa wodini bila hata bendeji."

Nikamwomba asikaze. Akaiachia ile kanga, akanigeukia, na wala hakupandisha sauti:

"Mfupa umevunjika, mmeuona wenyewe kwenye picha. Plasta hamjamwekea. Operesheni hamjamfanyia. Mnatupa vidonge na kutuambia akapumue. Sasa hapo mmetibu nini?"

Nilimweleza, wakanisikiliza, wakaenda zao na ruhusa yao mkononi. Lakini lile swali halikuondoka nao. Wiki kadhaa sasa linanijia nikiwa kwenye daladala, linanijia nikiwa jikoni. Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu, na wagonjwa wa namna hii, waliovunjika kidari, ule mfupa wa katikati ya kifua, tunawapokea mara kwa mara. Yule mama ameuliza kwa sauti kile ambacho familia nyingi hukibeba kimoyomoyo hadi nyumbani, na wakifika huko, wanafunga kanga.

Kwa hiyo naandika.

## Lori bila taa

Mzee, mume wa yule mama, alikuwa anaendesha Noah usiku. Mbele yake lori limeharibika, limeachwa barabarani bila taa, matawi ya miti ya kuwaonya wenzake yamewekwa hatua chache tu nyuma ya tela. Alipoyaona matawi, tela lilishafika. Alikuwa amefunga mkanda. Alishuka kwenye gari kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kando ya barabara akisema yuko salama, kifua tu kinabana.

Kituo cha kwanza walimpiga picha ya kifua, ile ya kusimama na kukumbatia ubao. Ikasomwa kuwa safi. Akaambiwa ni misuli, akapewa dawa, akarudi kwake. Siku ya pili akaletwa kwetu akiwa anahema kwa vipande vifupi vifupi, sentensi moja anaikata mara tatu.

Nilipomwambia anionyeshe panapouma hakupapasa kifua kizima, kama afanyavyo mtu aliyeumia misuli. Alinyoosha kidole kimoja, akakiweka katikati kabisa, sehemu moja, akakiacha pale.

Kidole kimoja namna hiyo kinanifanya nisimame.

Mfupa wa kidari uko pale mbele, umening'inia kama tai ya shuleni kutoka chini ya koo hadi chembe cha moyo. Juu kuna fundo pana linaloshika mitulinga, katikati kuna pande refu, chini kabisa kuna ncha ndogo. Nikaanza kushuka nao kwa kidole, taratibu, kuanzia juu. Ukishuka kidogo kutoka kwenye kishimo cha koo unakuta kituta cha kulala upande kwa upande, pale fundo linapoungana na pande refu, usawa wa ubavu wa pili. Hapo alivumilia. Nikateremka chini ya kituta. Akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikutegemea kwa mtu anayehema vile.

Chini ya kidole changu kulikuwa na ngazi ndogo. Upande mmoja wa mfupa umekaa juu kidogo ya mwenzake.

## Picha ya mbele haisemi yote

Hili nataka wanaosoma walijue, hasa walio mbali na hospitali kubwa: picha ya kawaida ya kifua, ile ya kutoka mbele, mara nyingi haionyeshi kidari kilichovunjika. Si lazima iwe ni uzembe wa aliyeisoma. Kwenye picha ile kidari kinalala juu ya kivuli cha uti wa mgongo na cha moyo, na mpasuko wenyewe mara nyingi ni mstari mwembamba wa kukata mfupa kwa upana. Unapotea humo.

Inayotakiwa ni picha ya ubavuni. Mgonjwa anasimama au anakaa upande, mikono ameirudisha nyuma, kifua kimetokeza. Hapo mfupa unaonekana ulivyo, na kama umehama, unaona umehama kiasi gani. CT-Scan huonyesha zaidi, tena huonyesha na vilivyo nyuma ya mfupa. Hata ultrasaundi, mashine ambayo watu wengi wanaijua kwa wajawazito, ikiteremshwa juu ya kidari na mtu anayeijua inaliona lile kato vizuri sana.

Kwa hiyo mtu aliyegonga kifua kwenye usukani, au bodaboda aliyeangukia usukani wa pikipiki, akiambiwa picha ni safi huku ana maumivu ya sehemu moja katikati ya kifua ambayo hayasogei, haki yake ni kuuliza kwa heshima: "Daktari, tunaweza kupiga na ya ubavuni?"

Picha ya mzee ya ubavuni ilionyesha kato moja, limehama kidogo tu.

Na hapa ndipo mambo yanapokuwa kinyume na yule mama alivyotarajia. Mfupa ulipoonekana, daktari wetu hakushughulika nao kwanza. Alishughulika na kilicho nyuma yake.

## Nyuma ya mfupa

Nyuma tu ya kidari kuna moyo, upande wake wa kulia ndio uliotangulia mbele. Pembeni kuna mapafu. Juu kidogo unapita mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo. Kidari na mbavu ndio ngome yao, na ngome ikipasuka, swali la kwanza ni kama waliomo ndani wamepona.

Basi akapigwa kipimo cha umeme wa moyo, ECG, palepale. Akatolewa damu kuangalia troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ukiumia. Zamani mtu akionekana tu ana kidari kilichovunjika, hospitali nyingi duniani zilimlaza siku kadhaa kwa kuhofia moyo. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa upasuaji wa majeruhi cha Marekani, kinachojulikana kama EAST, kikatoa mwongozo uliowapa watu utulivu: ECG ikiwa sawa na troponini ikiwa sawa, jeraha kubwa la moyo linaondolewa kwenye hesabu, na kidari kuvunjika peke yake si sababu ya kumfunga mtu kwenye mashine ya moyo. ECG ikiwa na kasoro mpya, analazwa na kuangaliwa. Mahali pasipo na kipimo cha troponini, busara ni kutokuwa na haraka: kumwacha mtu chini ya macho, kurudia ECG, kumsikiliza.

Kitu kingine ambacho watu wanakisahau ni mgongo. Mwili ukikunjwa kwa nguvu kwenda mbele, kidari kinavunjika mbele na pingili za mgongo zinaweza kubonyea nyuma, kwa pigo lilelile, hasa kato likiwa sehemu ya juu ya kidari. Maumivu ya kifua huwa makali kiasi kwamba mgonjwa hautaji mgongo mpaka aulizwe. Sisi tukamuuliza mzee, tukamgeuza pamoja kama gogo, tukapapasa pingili moja moja.

Zilikuwa nzima. Moyo ulikuwa mzima. Mbavu zote ziko mahali pake na hakuna hewa iliyovujia nje ya pafu.

Kidari kilichovunjika peke yake, bila jeraha jingine, ni salama kuliko kinavyosikika. Wanaokufa kwa hicho tu ni chini ya mmoja katika mia. Wanaokufa kwa ajali za kifua huuawa na vilivyo nyuma, au jirani.

Na baada ya hapo huuawa na kitu ambacho familia haikioni kabisa.

## Hofu ya kukohoa

Mzee alikuwa hajakohoa tangu ajali.

Alikuwa amejizuia kwa makusudi. Kila koo linapowasha, anameza mate, anafumba macho, anakaza mwili, anasubiri ipite. Kukohoa kulimuuma kama anapasuliwa upya, kwa hiyo akaacha. Kuvuta pumzi ndefu kulimuuma, kwa hiyo akaacha. Dawa za maumivu nazo anazibana: "Nikizidiwa ndiyo nitakunywa. Mwanamume unavumilia." Mkewe alikuwa anamsifu kwa hilo, kwani amesikia dawa za maumivu zinaharibu figo.

Nikaweka kifaa cha kusikilizia mgongoni, juu ya mapafu. Hewa inaingia vizuri. Nikateremka hadi chini kabisa, usawa wa mbavu za mwisho, nikamwambia avute. Kimya karibu kabisa, na mwishoni mlio mdogo wa kitu chenye majimaji kinachobanduka.

Huo ndio mlio ninaouogopa kuliko lile kato kwenye picha.

Mtu anapopumua juujuu siku nzima, sehemu za chini za mapafu hazifunguki. Zinajikunja. Makohozi ambayo kwa kawaida tunayatoa bila hata kufikiri yanatulia humo, na vijidudu vinapata mahali pa kukaa. Siku ya tatu au ya nne inaanza homa, makohozi ya njano, nimonia. Kwa kijana mwenye mapafu mazima anaweza kuvuka. Kwa mzee, kwa mvuta sigara, kwa mwenye pumu, hapo ndipo mfupa mdogo wa mbele ya kifua unapomlaza mtu kaburini.

Sasa iangalie ile kanga. Inakaza kifua, maumivu yanapungua kidogo, mgonjwa anashukuru, familia inaona imefanya jambo. Lakini maumivu yamepungua kwa sababu kifua hakitanuki, na kifua kisichotanuka ndicho tunachokikimbia. Zamani hata hospitali zilikuwa zikifunga kifua kwa plasta pana. Zikaacha kwa sababu hiyohiyo. Wala kidari hakihitaji kufungwa ili kiunge: mbavu zimekishika pande zote mbili, na kato lisilohama sana linajijengea mfupa mpya lenyewe, wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo mama, tunatibu maumivu, na tunayatibu ili apumue. Hizo dawa ndizo zinazofungua njia ya matibabu yenyewe.

Zinatakiwa kwa saa, si kwa kuzidiwa. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Juu yake daktari anaweza kuongeza diklofenaki au ibuprofeni, na hapo hofu ya yule mama ina msingi: mwenye figo mbovu, mwenye vidonda vya tumbo, mzee anayekunywa dawa za presha, aseme kabla ya kupewa. Ikishindikana zipo zenye nguvu zaidi, tramadoli hadi mofini, na mwenye kupewa hizo aangalie choo kisikauke, maana kukamuka chooni na kidari kilichovunjika ni adhabu.

Mzee alipokubali dawa, tukasubiri ziingie. Halafu nikachukua mto wake, nikaukunja mara moja, nikamwekea kifuani.

"Ukumbatie. Kwa mikono yote miwili, kama mjukuu anayetaka kukutoroka."

Akaukumbatia.

"Sasa vuta kupitia puani. Taratibu. Shusha hewa mpaka tumboni. Shikilia, moja, mbili, tatu. Achia."

Mara ya kwanza alikwama katikati. Ya pili akaenda mbele kidogo. Ilipofika ya tano au ya sita nikamwambia aubane mto kwa nguvu na akohoe. Alinitazama kama ninamwambia aruke ghorofani. Mkewe akashika ukingo wa kitanda.

Akakohoa. Kidogo, halafu kwa kina, halafu likatoka kohozi zito la rangi ya chai. Akabaki mdomo wazi.

"Haijauma sana," akasema, na ile sentensi aliitoa yote kwa pumzi moja.

Toka hapo kila saa akiwa macho alikuwa na pumzi zake 10, na kikohozi cha mto. Wenzetu waliofunguliwa kifua kwa upasuaji wa moyo, ambao kidari chao hukatwa kwa msumeno na kufungwa tena kwa nyaya za chuma, hufundishwa mto huohuo. Pasipo na kifaa cha mazoezi ya kupumua, mrija kwenye chupa ya maji unatosha: puliza taratibu, mapovu yatoke kwa muda mrefu. Kulala, aegemee mito badala ya kulala chali. Kuamka, ajiviringishe upande kwanza, ateremshe miguu, ainuke kwa kusukumwa na uzito wa miguu, asijivute kwa mikono.

## "Mkanda ndio ulionivunja"

Alipopata nafuu ya kuongea, neno lake la kwanza lilinishtua. Alishusha shati, akanionyesha alama nyekundu iliyokatiza kutoka begani hadi ubavuni, pana kama kiganja, inaanza kugeuka zambarau.

"Unaona? Mkanda ndio ulionivunja. Sifungi tena maisha yangu yote."

Nilikaa na neno hilo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Uingereza ilipolazimisha mkanda kwa wanaokaa mbele, mwanzoni mwa 1983, hospitali zilianza kuona kidari kilichovunjika zaidi ya zamani. Mkanda unakatiza juu ya kidari, na gari likisimama ghafla, uzito wote wa mwili unaegemea ule utepe. Lakini katika miaka hiyohiyo waliokuwa wakifa kwenye viti vya mbele walipungua. Watu wale waliokuja hospitali na alama begani ni wale ambao kabla ya hapo wangepelekwa moja kwa moja mochwari, kifua kimepondwa na usukani au kichwa kimepita kwenye kioo.

Nikamuuliza mzee usukani wake ulikuwaje baada ya ajali. Akafikiri. Akasema ulipinda.

"Na wewe haukukufikia."

Hakujibu. Mkewe ndiye aliyejibu kwa kutikisa kichwa.

Kinachosaidia ni kuuvaa ipasavyo. Utepe wa juu upite katikati ya mtulinga na katikati ya kifua; ukiupitisha chini ya kwapa kwa sababu unakukera shingoni, umeuelekeza kwenye mbavu na ini. Wa chini ukae kwenye nyonga, usikae tumboni. Na kiti kirudi nyuma, kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani.

Hofu ya namna hiyo naiona pia kwa watu wanaojifunza huduma ya kwanza. Kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kunaweza kuvunja kidari au mbavu. Ukisikia mlio chini ya mikono yako, usiache. Kidari kitaunga.

## Wachache wa kisu

Wapo wanaohitaji upasuaji, nao ni wachache sana. Ni wale ambao vipande vimepishana hadi kimoja kimepanda juu ya mwenzake, au kifua kinacheza kila wakipumua, au maumivu hayashikiki kwa dawa yoyote, au miezi imepita na mfupa haujaunga, mgonjwa anasikia mkwaruzo kila akijigeuza. Hao hufungwa kibati na skrubu. Wengine wote, dawa na pumzi na muda.

Aliyerudi nyumbani arudi hospitali haraka akikosa pumzi, moyo ukimwenda mbio bila sababu, akizimia, akikohoa damu, akipata homa na makohozi ya njano, au mgongo ukianza kuuma na miguu kufa ganzi. Wazee wenye mifupa miepesi waangaliwe zaidi, hasa kina bibi, maana kwao hata kuanguka sebuleni kunatosha kukivunja.

## Dumu la lita tano

Muda. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya kanga.

Maumivu hupungua wiki hadi wiki, na wengi huchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kuwa sawa. Katika muda huo ninawaambia wasinyanyue kitu kizito kuliko dumu la lita 5 lililojaa maji. Hakuna ndoo ya kichwani, hakuna jembe, hakuna kukamua mablanketi, hakuna kusukuma pikipiki iliyozimika.

Mzee alikuwa na Noah na wanawe wakubwa. Lakini kabla yake nilimhudumia kijana mmoja anayepakia magunia sokoni. Gunia lilimponyoka juu ya lori, likamdondokea kifuani. Gunia la mahindi ni kilo 100. Nilimpa maelezo yote, mto, mrija, dumu la lita 5. Akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima, akauliza: "Dada, mimi nalipwa kwa gunia. Watoto wale nini hizo wiki nane?"

Hakuna zoezi la kupumua linalojibu hilo. Nikamwomba namba ya mwenye ghala, nikampigia palepale, kijana ananitazama mdomoni. Tukazungumza, tukavutana kidogo. Mwisho akakubali kijana akae getini ahesabu magunia yanayotoka, kwa nusu ya ujira, hadi miezi miwili iishe. Tangu siku ile nimeongeza swali moja kwenye fomu yangu, chini kabisa, baada ya maumivu na kikohozi: kazi yako ni ipi, na nani nimpigie.

Wengi wanaacha hapo pa mwisho patupu. Bosi wao ni wao wenyewe.